Zeze Halipuri Mtama

Nimefunga kazi. Funguo za kibanda nimewaachia nyinyi, vijana wangu, pamoja na lile feni linalozunguka siku likitaka. Mliniomba jambo moja tu kabla sijaanza kulala mchana kama wastaafu wenzangu: niandike wimbo ule ulivyopatikana, maana wateja huwauliza. Nimekubali upesi, kwa sababu nimemsikia mmoja wenu, simtaji, akimweleza mteja kwamba tuliurekodi kwenye studio ya Nairobi. Nairobi! Mimi Nairobi nimeiona kwenye kalenda ya duka la dawa.

Mnajua kwetu tulikuwa na duka la nguo hapa Singida Mjini. Babu alikuja kutoka pwani na marobota ya kaniki, akaoa huku, akasahau kurudi. Baba alitaka nirithi mita na mkasi. Mimi nikavutwa na redio iliyokaa juu ya kabati la duka, ambayo ilikuwa ikikatika kila taarifa ya habari inapoanza. Siku moja baba akanituma niipeleke kwa Mzee Rajabu, fundi aliyekuwa na kibanda jirani na stendi ya mabasi. Redio ilirudi nyumbani, mimi sikurudi.

Siku ya kwanza Mzee Rajabu hakunipa bisibisi. Aliniweka mbele ya redio mbovu akasema, "Sikiliza."

"Haisemi kitu, mzee."

"Inasema. Hii inasema *shaa*, ile pale inasema *kwi-kwi*. Shaa ni vumbi, kwi-kwi ni waya. Ukishajua inalalamikia nini ndipo uifungue. Wewe utampasua mtu tumbo kabla hujamwuliza anaumwa wapi?"

Nilikaa nikisikiliza redio mbovu mpaka masikio yakachoka. Wateja wakadhani Mzee Rajabu ameniajiri kwa kunihurumia. Lakini wallahi, kila nilichokuja kukifanya baadaye kilitoka kwenye kiti kile, na nyinyi mnaofungua redio kwanza mkauliza baadaye, mnanisikia.

Miaka ile vifaa vilikuwa vya shida. Risasi ya kuchomelea tuliitumia kwa kuibembeleza. Redio iliyokufa tuliitoa viungo vyake tukazipa zilizo hai, na chuma cha kuchomelea tulikipasha moto kwenye jiko la mkaa. Ukikosa spiriti ya kusafishia hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, unasubiri. Hatukusafisha kwa mate wakati ule na msisafishe kwa mate sasa. Nawaona.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, na mali ambayo tulikuwa tukiisikia kwa mabaharia ikapangwa madukani hadharani. Mtu wa Itigi anauza ng'ombe mnadani, anarudi kwake na redio ya deki mbili pana kuliko mlango wa tembe lake. Mzee Rajabu alizitazama zile deki mbili kwa muda mrefu, akasema, "Hii haitahitaji fundi." Alikosea, zilivunjika vizuri tu. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Ukiwa na deki mbili, kanda moja inazaa kanda nyingine.

Nikaanza kurudufu nyimbo za Kongo na za sinema za Kihindi kama vibanda vyote. Baadaye nikawa nachukua maiki moja nakwenda kurekodi ngoma za kwetu: harusi, mavuno, vikundi vya wanawake. Mzee Rajabu alicheka mpaka akakohoa.

"Nani atanunua sauti ya shangazi yake mwenyewe?"

"Aliyepanga chumba Dar es Salaam, mzee," nikamwambia. "Huyo hana shangazi karibu."

Na kweli. Madereva wa malori na wanafunzi walizichukua. Siku za mnada nikawa nafunga kanda zangu kwenye sanduku, napanda basi hadi Mkiwa, pale njia panda, nazipanga juu ya gunia kati ya wauza vitunguu na wauza kuku.

Ni hapo Mkiwa nilipolisikia zeze. Lilikuwa linalia nyuma ya nyumba, mbali kidogo na barabara, na kila likinyamaza sauti ya mwanamke inajibu. Zeze mnalijua, kibuyu, mti, nyuzi mbili na upinde wake. Lakini huyu alikuwa analipiga kama anaongea. Nikamwuliza mama muuza vitunguu kuna sherehe gani kule.

"Sherehe? Mh! Ile ni kesi," akasema. "Yule ni Njiku, mtu wa upande wa Manyoni. Mkewe Nyambi kamkimbia, karudi hapa kwa mama yake. Sasa mume anaomba mke."

"Kwa zeze?"

"Wewe mtu wa mjini, ataombaje? Yule ndani ni mama mkwe wake."

Hakuhitaji kuendelea. Hata sisi tuliokulia mjini tunazijua adabu za hawa jirani zetu Wanyaturu. Kwao mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hamtazami usoni, jina lake halitamki, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenziwe apite. Si chuki hiyo, ni heshima. Mtu anayeivunja huonekana kama aliyetembea uchi sokoni. Njiku alikuwa ametuma wajomba zake wakaombe msamaha, kama inavyotakiwa, na Mama Nyambi akawarudisha kwa maneno machache: "Naona wajomba. Mkosaji yuko wapi?" Basi mkosaji akaja mwenyewe, na kwa kuwa hawezi kuingia wala kusema naye, akaketi nje nyuma ya ukuta na zeze lake.

Na kosa lilikuwa zeze hilohilo. Njiku alikuwa akialikwa kila penye pombe na ngoma, kuanzia Manyoni hadi Itigi, na hajui kusema hapana. Mavuno yaliyopita alimwambia mkewe anakwenda mara moja. Mtama ukaiva, ukakatwa, ukaanikwa. Nyambi akaupura peke yake, fimbo mkononi, majirani wanapita wanamwuliza mzee yuko wapi. Alipomaliza kuupeta na kuujaza ghalani, alifunga mlango, akaweka ufunguo juu ya kizingiti, akaondoka.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Njiku alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo ameupa ukuta, kijana mrefu mwenye uso wa mtu asiyelala vizuri. Akapiga. Ndani, Mama Nyambi alikuwa anapepeta kitu kwenye ungo, sauti ya ungo ikawa ngoma yake, akaimba. Nawapa kwa Kiswahili, japo kwa Kinyaturu inachoma zaidi:

*Ewe uliye nje, nakusikia,*
*zeze lako tamu, nalisikia.*
*Ila niambie, mwenye zeze:*
*zeze hupura mtama?*

Na wanawake waliokuwa wanapita njia ya kisimani wakaitikia, tena bila kusimama: *Zeze halipuri mtama!*

Nawaambia ukweli, nimerekodi watu wengi, na siku nilizosisimkwa na mwili kama ile ni chache.

Nikabisha hodi mlango wa mbele. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umetumwa na wajomba, rudi."

"Mimi ni fundi wa kanda, mama. Naomba niwarekodi."

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu kuku wake hata akiwa anaongea na wewe. "Unirekodi ili anisikie nani?"

"Watu wote, mama."

Akafikiri. "Basi vizuri. Na wasikie kwamba mwanangu alipura peke yake."

Nyambi alikuwa jikoni, akaniletea maji kwenye kata. Nikamwuliza na yeye kama ameridhia. "Rekodi tu, kaka," akasema. "Wao ndio wenye maneno." Kisha akarudi kwenye moto wake.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo mnapouliza. Nilikuwa na maiki moja. Kuwaweka pamoja isingewezekana na sikuthubutu hata kulitaja. Kumrekodi mmoja leo na mwingine kesho ni kuua wimbo, kwa kuwa walikuwa wanajibizana. Lakini tembe lina ukuta mnene wa udongo na dirisha dogo. Nikaiweka maiki palepale juu ya dirisha, nimeivalisha soksi ya sufu kuzuia upepo. Sikio moja likawa ndani, moja nje. Zeze likazidi nguvu. Nikamsogeza Njiku nyuma hatua kwa hatua, huku nasikiliza, mpaka akafika jirani na banda la kuku. Ndipo sauti zikakaa. Mama yuko karibu, ungo wake unasikika, na zeze linatoka mbali kidogo, kama mtu anayeita na hana uhakika atafunguliwa. Watu wa studio wenye mashine zao wameniuliza mara nyingi umbali ule niliupataje. Nawaambia: banda la kuku. Jogoo anayesikika kwenye ubeti wa pili hakualikwa, lakini aliingia mahali pake.

Kanda ile iliondoka mikononi mwangu kama karanga za kukaanga. Niliikuta kwenye mabasi, kwenye migahawa ya Manyoni, kwenye malori yanayoelekea Tabora. Maneno yenyewe yakawa methali. Mwanaume anakaa kwenye bao hadi jioni, mkewe anapita na ndoo, anasema tu, "Zeze halipuri mtama," na wenzake wanaangua kicheko. Kikundi kikapewa jina na watu wenyewe, hakuna aliyekaa kikao: Wakwe wa Mkiwa. Ilikuwa ajabu ya kikundi, maana nusu yake haijawahi kuiona nusu nyingine ikiimba.

Nilijivuna, sifichi. Mzee Rajabu, ambaye alikuwa amezeeka na anakuja kibandani kwa ajili ya kulalamika tu, aliisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Haisemi shaa wala kwi-kwi." Kwake hiyo ilikuwa shahada.

Lakini nyumba ya Njiku ilibaki imefungwa. Kila siku ya mnada alikuja, akapiga, akarudi peke yake. Wimbo unapendwa kila mahali, na katikati ya wimbo kuna mwanamke ambaye watu wanamnyoshea kidole kisimani: "Ndiye yule." Wajomba wa Nyambi wakaanza kusema wazi kwamba mavuno yakipita na hali ni hii, ng'ombe wa mahari warudishwe, ndoa ivunjwe. Mama Nyambi hakuwapinga. Njiku alikonda.

Kipindi hicho redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam, na mtangazaji wa mojawapo akaisikia kanda kwa dereva. Akaja hadi Singida. Mtu mwema, mwenye haraka, anacheka kwa sauti. Akapanga onyesho alasiri moja kwenye ukumbi wetu wa mjini, lirekodiwe, na kesho yake gari liwachukue Wakwe wa Mkiwa liwapeleke Dar, kisha Morogoro, kisha sijui wapi, msimu mzima. Msimu wenyewe, angalieni, ulikuwa wa mavuno.

Njiku alikuja kibandani asubuhi ya onyesho. Akakaa, akageuza zeze mapajani kama mtu anayetafuta lilipopasuka.

"Fundi, nikienda, nimeuthibitisha wimbo. Nisipoenda, wimbo ndio chakula nilichopewa na Mungu, nimeutupa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nyambi anasemaje?"

"Sijawahi kumsikia. Namsikia mama tu."

Nikampa chai.

Ukumbini nilifunga waya juu ya jukwaa kutoka ukuta hadi ukuta, nikatundika pazia la shuka nzito. Mama Nyambi na ungo wake upande huu, Njiku upande ule, maiki moja kila upande, maana sasa tulikuwa matajiri. Waliingia kwa milango tofauti. Watu walijaa mpaka madirishani. Nyambi alikuwa amekaa mbele na wanawake wa Mkiwa, kajitanda kanga, anatazama sakafu. Wajomba zake walikuwa nyuma yake, wamekunja mikono.

Wimbo ukaanza vizuri kuliko Mkiwa. Ulipofika kwenye kiitikio ukumbi mzima ukaitikia, kuta zikatikisika, na msumari wa kushoto ukachomoka. Ulikuwa msumari wa ukumbi, si wangu, nasema hivyo mpaka leo. Pazia likaanguka lote.

Hapo wakawa uso kwa uso, mkwe na mama mkwe, mbele ya mkoa mzima.

Njiku aliruka na kiti, akatupa mgongo, akachutama ameinamisha kichwa. Mama Nyambi akajifunika ungo usoni. Na ukumbi, ala! Mahali pengine watu wangecheka. Pale kila mwanaume alikuwa mkwe wa mtu. Vichwa vyote vikainama kwa pamoja, wazee, vijana, hata askari wa mlangoni. Watu mia kadhaa wanaangalia viatu vyao ili wasione aibu ya mwenzao. Mtangazaji peke yake alibaki ametumbua macho, ananiuliza kwa mikono kuna nini. Nami nikabaki na mashine inazunguka. Nikajua kwamba wakitoka jukwaani kwa aibu ile, hawatarudi tena, na wajomba wameshapata sababu.

Ndipo nikasikia kandambili zinapanda ngazi za jukwaa, pole pole. Ni Nyambi. Aliitoa kanga mabegani, akasimama katikati ya mama yake na mume wake, akaikunjua kwa mikono miwili akaishika juu. Akawa yeye ndiye pazia. Akangoja. Mama akashusha ungo, akaona kanga, akapumua.

Watu wakainua macho. Nikafikiri sasa Mama Nyambi ataendelea na ubeti wake. Lakini aliyeimba ni Nyambi. Mikono yake juu, na sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo:

*Mama, umenisemea, nimesikia.*
*Zeze halipuri, ni kweli, mama.*
*Lakini mtama nilishaupura.*
*Sikuolewa na mtama.*

Wanawake wakapiga kelele ya kushtuka. Akasubiri watulie.

*Niliolewa na mtu.*
*Basi mtu awepo.*

Akaishia hapo. Vijana, mtakapoihamisha kanda ile kwenye kompyuta yenu, mtakuta kimya kirefu na mtatamani kukikata. Mkikikata nitatoka nyumbani nije na fimbo. Mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kuzimia, na haukushuka kwa sababu ya kile kiti cha Mzee Rajabu. Kulikuwa na kitu kinataka kusema.

Njiku hakuweza kugeuka, mama mkwe yuko nyuma ya kanga. Alikuwa bado amechutama, uso ameupa ukuta. Akaweka zeze chini, nikasikia kwenye maiki kibuyu kikigusa mbao. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeitwa kwa jina nyumbani kwake:

"Nipo."

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliiumiza mashine yangu, sindano ya kupimia sauti ikagonga mwisho ikakaa. Mjomba mkubwa wa Nyambi alikuwa anafuta macho kwa kofia na kudai ni vumbi. Mtangazaji akanikumbatia. Aliirusha kanda ile kama ilivyo, pamoja na kishindo cha pazia, na ndiyo iliyokwenda nchi nzima. Mengine mnayajua. Wakwe wa Mkiwa walikuja kuzunguka miji mingi, lakini kila mara baada ya mavuno, na kila mara wakiwa watatu: mama upande huu, mkwe upande ule, na Nyambi katikati na kanga yake. Watu waliokuwa wakilipa kiingilio huko Dar walidhani ni mtindo wa jukwaani.

Gari la Dar liliondoka kesho yake tupu. Mimi siku hiyo nilikuwa Mkiwa kufuata nyaya zangu zilizoondoka kwa bahati mbaya na mizigo yao. Nyambi alitoka kwa mama yake na kifurushi kichwani, akapanda lori la kwenda Manyoni, akaketi mbele kwa dereva. Njiku alipanda nyuma, juu ya magunia. Mama Nyambi hakuweza kuja barabarani kuaga, maana mkwe alikuwepo. Alisimama nyuma ya kibanda cha vitunguu, amejibana, mpaka lori likapinda na vumbi likatulia. Ndipo akatoka, akasimama kando yangu, akaitazama barabara tupu.

"Mpuuzi yule," akasema. "Lakini anapiga vizuri."